Mashine ya Theluji ya Marjolaine

…maana ile mashine ndogo ya kuondoa theluji inamtosha kabisa, njia yake ya gari ni hatua ishirini na mbili kutoka barabarani hadi mlango wa gereji, Marjolaine amezihesabu mara ngapi tangu anunue nyumba, amezihesabu na mabuti, amezihesabu pekupeku mwezi wa Julai kwa raha zake tu, mtu aliyepanga vyumba vya ghorofani miaka thelathini akipata njia yake mwenyewe ataifanyia nini kama si kuitembea, lakini hii kubwa, hii nyekundu yenye taa usoni, mbona inamvuta hivi… "Hii hufanya kazi kwa hatua mbili, mama," anasema Fernand mwenye duka, penseli sikioni, "parafujo hii ya mbele inakula theluji, feni ya nyuma inaitema, hata ule mlima ambao greda la manispaa linakuachia mlangoni, ulioganda kama saruji," anamwita mama lakini macho yake yako kwa baba, kila swali la Marjolaine analijibu kwa baba, ingawa nyumba ni ya Marjolaine na mkoba ni wa Marjolaine, naye baba, mzee Ovila, miaka sabini na tisa, mikono nyuma kama mkaguzi wa gwaride, anaizunguka mashine, anainama, anainusa, "Hiyo itakohoa siku ya kwanza ya baridi kali," anasema, "beleshi halikohoi," eeh, beleshi tena, beleshi hilohilo lililompeleka hospitali, maana asubuhi ile ya Februari Marjolaine aliposhtuka usingizini ilikuwa ni kimya kilichomwamsha, siku zote alilala akisikia baba anakwangua nje, krrr, krrr, na mara hakuna, akaenda dirishani, akaona kofia juu ya theluji, kofia peke yake, na baba pembeni ameketi ameegemea beleshi, uso rangi ya jivu, "Napumzika kidogo, nenda kalale," napumzika kidogo! siku kumi na mbili kitandani, na daktari, yule mwanamke mfupi mkali, akamwambia mbele ya wauguzi wawili, mzee, beleshi na wewe mmeachana leo, akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa komunyo, na Jumanne hii Marjolaine kafungua buti la gari la baba kutoa viazi, anakuta nini chini ya blanketi, beleshi jipya, karatasi ya bei bado inaning'inia, "La nani hili, baba?" "La jirani." "Jirani yupi?" "Jirani tu," akacheka hadi viazi vikamwagika, kisha kule jikoni peke yake hakucheka tena… "Upana wake inchi ishirini na nane, mzee," Fernand anaendelea, "na ile ndogo ni ishirini na moja, ya umeme, nyepesi, hata mama anaisukuma," hata mama, sikia huyu, mama anayepika chakula cha watoto mia nne wa shule kila siku na kunyanyua masufuria ambayo wewe Fernand ungewaita wenzako wakusaidie, lakini si Fernand anayemkwaza, la, kinachomkwaza ni hiki, akinunua mashine, yoyote ile, baba atakuja kwa sababu gani, maana hajawahi kumwambia mwanangu nakupenda, hata siku moja, si siku ya harusi, si siku yule bwana alipobeba mabegi yake akaenda zake, siku ile baba aliingia, akatazama huku na huku, akauliza, beleshi liko wapi, akatoka kwenda kulifukua gari la Marjolaine lililozikwa na theluji mtaani, na toka hapo kila theluji ikianguka, saa kumi na moja alfajiri, krrr, krrr, kisha anaingia na kofia kichwani, kahawa, mkate uliopakwa nyama ya kusaga, maneno kumi, anakwenda zake, nyumba ya tatu tu kutoka hapo, sasa utamnyang'anyaje mtu neno pekee analolijua, utamwambia nini, baba njoo uitazame injini… "Kamba ya kuwashia ni nzito?" anauliza baba, taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa, "Hakuna kuvuta, mzee, unachomeka waya, unabonyeza," na baba anaweka mkono juu ya wenzo, vidole vile vilivyopindwa na kiwanda cha karatasi, anausukuma, na bomba la kutemea theluji linageuka kushoto, linageuka kulia, linamwelekea Fernand tumboni, "Pwaa!" anasema baba, kwa mdomo wake kabisa, pwaa, kisha anakohoa, anakunja uso, anatazama dari, na Marjolaine anajifanya kusoma kibandiko, midomo ameibana, usicheke, ukicheka atatoka nje… "Na kelele zake," baba anauliza, bado anatazama dari, "zinafika mbali?" "Aa, mzee, sikufichi, mtaa mzima utaamka," "Nyumba ya tatu zinafika?" "Hata ya kumi," na baba anaitikia polepole, kama mtu aliyepewa bei nzuri, "Vizuri. Basi sitahitaji saa ya kuniamsha, nikisikia ngurumo nitajua kahawa iko motoni," … kumbe, kumbe naye alikuwa akijiuliza, mzee huyu, wamekuja garini nusu saa, kila mmoja na hofu ileile mapajani, kumbe neno lake halikuwa beleshi, lilikuwa kuja tu, na kuja hakuna daktari aliyekukataza, na mbona yeye asianzie kwa baba, aisukume hii nyekundu hadi nyumba ya tatu, ampigie ngurumo chini ya dirisha, amngoje mlangoni njia ikiwa safi, naye atoke na kofia yake kumkemea, umeacha mstari pale, ona, pale, anamsikia tayari, atauacha mstari makusudi, kila alfajiri mstari mmoja, na ile ndogo kwa njia mbili haitoshi, haitoshi hata kidogo, masikini ile ndogo… "Basi, mama," Fernand anasema, na sasa ndiyo kwanza anamtazama yeye, "tuchukue ipi?" "Mwache afikiri," baba anamkatiza, "unadhani anachagua kofia?" na Marjolaine anaona kwamba mikono yake yote miwili imekwishaishika mishikio ya nyekundu, anafungua mdomo ajibu, lakini kicheko kinawahi, kinamtoka chote, na Fernand, penseli mkononi, anangoja.