Pampu Chini ya Kiti

Wezi wa pampu za baiskeli ni watu wa ajabu. Baiskeli nzima wanakuachia, kengele wanakuachia, hata koti lako la mvua lililofungwa nyuma hawaligusi. Pampu tu ndiyo inawawasha mikono. Mke wa fundi, ambaye ni mkunga na huenda zamu kwa baiskeli, aliibiwa tatu ndani ya mwezi mmoja, zote kwenye maegesho ya zahanati, mchana kweupe, yeye akiwa ndani anapokea watoto wa watu. Ya tatu ilimliza. Siku hiyo alikokota baiskeli yenye tairi bapa mpaka nyumbani, miguu imemvimba kwa kusimama kutwa, akafika kizingitini akakaa hapohapo.

Fundi hawezi kuona mkewe analia. Akaigeuza ile baiskeli huku na huku, akaigonga fremu kwa kucha. Bomba lililosimama chini ya kiti lilikuwa tupu, na lilikuwa limekaa hivyo miaka yote bila kazi. Ukichomoa kiti pamoja na nguzo yake, unabaki na shimo ambalo pampu nyembamba inateremka humo yenyewe. Tatizo lilikuwa moja. Nguzo ya kiti ilikuwa ndefu, ikishuka inaikuta pampu iko chini, na kiti kinagoma kushuka zaidi. Mkunga naye ni mfupi, hata kwenye foleni huwa anaulizwa kama kuna mtu mbele. Basi fundi akaibana nguzo kwenye jiliwa, akashika msumeno wa chuma, akaikata chini vidole sita. Pampu akaivisha kipande cha mpira wa ndani isigongegonge njiani, akaifunga uzi wa kuivutia, kiti kikarudi mahali pake. Mkewe alicheka, akampiga kibao cha mgongo, akasema ameolewa na mwanamume mwenye akili.

Sifa hizo zilimwingia. Na maneno ya zahanati hayakai zahanati. Haikupita muda wateja wakaanza kuja: karani wa posta, mwalimu, muuza maziwa, mpaka wakafika tisa, kila mmoja anataka pampu yake ilale ndani ya fremu. Wakampa jina, Fundi Mficha, naye akalipenda. Kazi hiyo aliifanyia nyuma ya pazia la gunia, kwa sababu ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine, na yule akikiona kitu asubuhi, jioni kesha kiiga. Kwa hiyo hakuna mteja, hata mkewe, aliyejua kwamba nguzo ya kiti chake ilikatwa. Walidhani pampu inaingia tu.

Sasa, nguzo ya kiti ikitoka kiwandani huwa na mstari umechongwa karibu na chini. Maana yake ni kwamba usiniinue ukanipitisha hapa. Mstari ule, kwenye baiskeli zote kumi, ulikwenda na kipande kilichokatwa, ukaishia kwenye debe la vyuma chakavu. Fundi alilijua hilo. Alijituliza kwa kuwa kila mteja alimpandisha kwenye baiskeli yake na kumpima miguu, na kwa miguu ile chuma kilichobaki kilitosha. Alilala usingizi mzito. Alichosahau ni jambo ambalo hata mtoto analijua, kwamba baiskeli ya nyumba hupandwa na nyumba nzima.

Asubuhi hiyo alikuwa anafunga breki ya nyuma ya baiskeli ya seremala, ndiyo kwanza ameichomoa waya, mkewe akatokea kwa miguu, kitambaa cha kazi bado kichwani.

"Vipi, mke wangu, unatembea? Baiskeli iko wapi?"

"Binti yako kaichukua nyumbani, mimi zamu ya usiku nilikwenda kwa miguu. Si leo ana usaili kule kiwandani, saa nne? Ya kwake umeibomoa tangu juzi hujairudisha."

"Kapanda ile yako?"

"Kwani ana nyingine? Kaja nayo zahanati kuniaga, nikamwona kakaa juu kama yuko darini. Kumbe kachukua spana yako dirishani nyumbani, kakipandisha kiti mwenyewe mpaka karidhika. Mtoto ana miguu yule, sijui kairithi wapi."

Fundi aliiacha ile waya ya breki. Alihesabu kichwani, na hesabu ilikataa kumpa jibu jingine. Nguzo iliyobaki ilikuwa fupi. Binti yake anampita mama yake kwa kichwa kizima na shingo. Kama amekipandisha kiti mpaka miguu inyooke, basi kilichobaki ndani ya bomba ni vidole viwili vya chuma, na juu ya hivyo vidole viwili amekaa mtoto wake. Kwenye barabara tambarare huenda vikashika. Lakini njia ya kiwandani inapita kwenye tangi la maji, na baada ya tangi ni mteremko, na chini ya mteremko ni njia panda ya malori ya mchanga.

Akachukua simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena.

"Simu iko kwenye mkoba," alisema mkewe. "Hapokei akiwa njiani. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilisahau kumpa... kuna kitu nilitaka kumpa."

"Kitu gani?"

Fundi alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mikono ambayo haikuwa na grisi. Mkewe akamtazama. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa si mchezo.

"Mume wangu, mimi kazi yangu ni kuwaambia watu mficha uchi hazai. Sema."

Akasema. Alisema haraka, akiangalia chini, kuhusu nguzo, msumeno na mstari uliotupwa. Mkunga hakupiga kelele. Fundi angeshukuru kama angepiga. Aliinyooshea barabara mkono, akasema, "Nenda."

Baiskeli iliyokuwa karibu ilikuwa ya seremala, ile yenye breki moja. Akairukia. Alisikia fundi wa ng'ambo akimwita, "Vipi jirani, kwema?", hakujibu. Alipita maduka ya nguo, akapita shule ambayo watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha, akapita kiwanda cha mbao. Kifua kilimwaka moto. Hakuwa ameendesha kwa kasi tangu ujana wake, na hata ujanani, tukisema ukweli, hakuwa na kasi. Kila alipoona watu wamekusanyika mbele roho ilimruka, na kila mara wakawa ni watu tu wananunua mkaa au wanabishana.

Kwenye kona alimwona mama muuza nyanya.

"Dada, amepita msichana hapa kwa baiskeli? Mrefu?"

"Yule wa miguu? Sasa hivi tu. Anakwenda kama kafukuzwa."

Njiani alikuwa anaomba. Hakuomba kwa mpangilio, aliomba kama mtu anayegombana. Akasema kama mtoto akipona atalichoma lile pazia la gunia. Akasema atawaambia wateja wote. Halafu akajikumbuka kwamba wateja wote nao wana miguu, na wana wake, na wana watoto wanaorefuka kila siku ya Mungu, na hofu ikawa kubwa kuliko barabara. Akaisukuma kando. Kwanza huyu, alijiambia. Kwanza huyu wangu.

Akamwona baada ya kituo cha mafuta. Mgongo ulionyooka, blauzi nyeupe aliyoipiga pasi usiku uliopita, mkoba begani. Mbele yake tangi la maji lilikuwa limesimama juu ya miguu yake minne, na zaidi ya hapo barabara ilionekana kukatika, maana ndipo inapoanza kushuka.

"Simama!" akapiga kelele. "Wewe! Simama!"

Binti akaongeza mwendo.

"Simama nimesema!"

Akaongeza tena. Hakugeuka hata kidogo. Na fundi, huku miguu inakataa, akakumbuka kwamba hayo yalikuwa mafundisho yake mwenyewe. Ni yeye aliyemwambia alipoanza kwenda mjini peke yake: mwanamume akikupigia kelele barabarani, usigeuke, kanyaga. Mtoto alikuwa anamtii baba yake kwa nguvu zote za miguu yake, na kila alipokanyaga, kiti kilitikisika. Fundi alikiona kikitikisika. Jicho la fundi halidanganywi na kiti.

Hapo sauti ikamtoka ambayo hakuipanga.

"Mama! Mama weee! Mama, nisubiri!"

Binti alipewa jina la mama yake fundi, Mungu amrehemu, na tangu yuko kwenye nepi baba yake hajawahi kumwita vingine. Wapakia mizigo waliokuwa kivulini mwa tangi wakaangua kicheko. "Mzee mzima analilia mama yake!" mmoja akasema. "Mnyonyesheni!" Lakini duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye ndevu nyeupe anayeweza kumwita msichana yule mama, na msichana aliijua sauti hiyo. Akabana breki zote mbili. Tairi ya mbele ilisimama hatua chache tu kutoka pale barabara inapoinama.

"Baba? Kuna nini nyumbani? Mama yuko salama?"

"Shuka. Shuka taratibu. Usiegemee nyuma."

"Baba, nachelewa..."

"Shuka, mama, nakuomba."

Akashuka. Fundi akaiweka ya seremala chini, akaja, akakigusa kiti kwa kidole kimoja. Kiti kikainama. Mdomo wa bomba ulikuwa umechanika, ufa mwembamba umeshuka mpaka kwenye kiungio. Akakishika kiti akakinyanyua, kikatoka mkononi mwake na kinguzo chake, ilhali bolti ya kubana ilikuwa imekazwa barabara.  Akakaa kwenye kokoto mbele ya wapakia mizigo, ambao sasa hawakuwa wanacheka.

Binti alikitazama kile kinguzo kifupi. Amekulia gereji, hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Uliikata."

"Niliikata. Kwa ajili ya pampu. Kwa mama yako ilikuwa inatosha."

Binti alirudi nyuma hatua moja. Aliuangalia mteremko, akayaangalia malori kule chini yanavyopishana na vumbi lake, akaufunika mdomo kwa mkono. Fundi alidhani atalia, akataka kusimama amshike. Lakini alipouondoa mkono, alichotoa kilikuwa swali.

"Na zile nyingine?"

Fundi akakigeuzageuza kile kinguzo mkononi.

"Baba. Zile tisa. Wenyewe wanajua?"

"Hawajui."

"Kwa nini hawajui?"

Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. "Yule wa ng'ambo angeiga," alisema, na hata yeye alisikia jinsi lilivyo jibu la kitoto.

Msichana akafungua mkoba, akatoa simu yake, akaona namba ya baba yake imejaa humo.  Akachuchumaa mbele yake.

"Toa yako. Piga sasa hivi."

"Wewe nenda kwenye usaili. Nitapiga."

"Sitoki hapa mpaka nisikie umempata mmoja. Nitashuka kwa miguu. Wakiniuliza kwa nini nimechelewa nitawaambia."

Namba ya kwanza ilikuwa ya karani wa posta. Ilipokelewa upesi.

"Fundi Mficha! Habari za saa hizi?"

"Karani, baiskeli yako iko wapi?"

"Iko njiani. Kijana wangu kaniomba aende nayo mazoezini, ametoka sasa hivi. Si unajua amerefuka mwaka huu, imebidi tukipandishe kiti kidogo. Kwani vipi?"

Fundi alifumba macho. Neno lilikuwa moja tu, lakini katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumwambia mteja.

"Nilikosea. Nilikata nguzo ya kiti, sikukwambia. Inaweza kukatika na yeye juu yake. Unamwona?"

"Unasema nini wewe?"

"Karani, unamwona?"

Kiti kilisikika kikiburutwa upande wa pili. "Namwona. Yuko kwenye kona ya... Fundi, hanisikii mpaka kule! Na hata akisikia hageuki, ana miaka kumi na tano, yuko na wenzake!"

"Usimwambie simama. Mwite vile unavyomwita nyumbani. Tangu mdogo. Vile vile."

 Kisha simu ikasikika inakimbia, upepo na pumzi na viatu, na karani wa posta, mtu wa tai na mihuri, akapaza sauti katikati ya barabara.

"Kifaranga! Kifaranga wa baba! Kifaranga weee!"

Fundi aliikandamiza simu sikioni mpaka ikamuumiza. Binti yake alikuwa amesogeza kichwa karibu, shavu kwa shavu, na wote wawili hawakuwa wanapumua. Viatu viliendelea. Halafu vikasimama, na hapakuwa na sauti yoyote kwa muda ambao fundi hataweza kumwambia mtu ulikuwa mrefu kiasi gani.

Kisha kwa mbali, sauti ya mvulana, nusu ya kitoto na nusu nzito, imejaa hasira.

"Baba! Mbele za watu?"

Msichana akajifuta machozi kwa kiganja, akaweka mkoba begani, akaanza kuteremka kwa miguu akishika ukingo wa barabara. Fundi alimwangalia mpaka alipopita njia panda. Kisha akatafuta namba ya mwalimu.