Doa la Kijivu Kihambani

Jumapili ile Scola alikuwa arudishwe kwao. Mama mkwe wake, Mama Leonia, alishaamua, nasi majirani tulijua hata saa ya kuondoka. Scola ni mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa, mila zetu hazijui. Alipoolewa huku mlimani, juu ya Kwa Sadala, mwanzoni mwa 2001, alipalilia kihamba, shamba la ukoo, akafyeka masale yaliyozunguka kaburi la mzee wa ukoo, mimea ambayo kwetu haiguswi. Msimu huohuo migomba ikakauka. Nani angemtetea?

Jumamosi, siku moja kabla, wakaja wataalamu wanaotafuta dawa za kuulia wadudu wa kahawa zilizofukiwa ovyo zamani. Uwanja wa Mama Leonia ulijaa, mimi nilifika wa kwanza. Leodegar, kiongozi wao, akatandaza picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Migomba yote myekundu!

"Yesu na Maria! Tunaungua?" Mama Leonia akaruka.

"Hapana, mama. Kamera hii huonyesha mmea wenye afya kwa rangi nyekundu, na unaougua kwa kijivu, hata kabla jicho halijaona. Tazama hapa."

Katikati ya wekundu palikuwa na doa la kijivu, limechuruzika kufuata mteremko. Akaweka picha ya pili. Doa lilikuwapo, dogo kidogo.

"Hii ni ya tisini na tisa."

"Tisini na tisa?" nikadakia. "Wakati huo Scola tulikuwa hatujamsikia hata jina!"

Leodegar akapita kihambani na mashine yake ya kutafutia chuma, mstari kwa mstari. Penye visiki vya masale ikalia mfululizo.

"Chuma. Mapipa, tena mengi."

"Hapo ni kaburi!" Mama Leonia akapiga kelele.

Wakatusogeza hadi barabarani, wakavaa nguo nyeupe na vinyago, wakachimba. Hakuna mfupa. Pipa la kwanza lilitoka limeoza kwa kutu, harufu ya dawa ikatufikia hukohuko. Aliyefukia alipanda masale ili tudhani ni kaburi, tusiguse, na kweli hatukugusa. Mwili ulinisisimka: jicho lililopita angani limeona tulichokuwa tukikikanyaga!

"Kila mavuno nimemwagia mapipa pombe ya mbege, nikidhani ni mzee," Mama Leonia akanong'ona.

"Yatakuwa yamelewa," akasema jirani yetu Sirili.

Mama Leonia akamgeukia Leodegar, aliyekuwa amerudi barabarani. "Mashine yako inaona na maneno aliyosema mtu?"

"Hapana, mama."

"Mimi niliyasikia yote," akasema Scola kutoka nyuma yetu.

Mama Leonia akaketi chini, palepale kwenye majani. "Basi niambie moja moja, mwanangu, niyaombee msamaha."

Scola akaanza na lile la Krismasi. Sisi majirani tukaondoka bila kufukuzwa.