Posa ya Upanga

Jeuri ya Mzee Hamud ilianza kabla hata kahawa haijamiminwa.

"Binti yangu kuhamia Kariakoo? Hata kwa dawa!" alimfokea Bi Moza, aliyeleta posa ya mpwa wake. "Huko mnalala juu ya maduka. Kodi ya nyumba hii ya Upanga mnaijua nyinyi?"

Washenga wakainamisha vichwa. Bi Moza alikuwa akitazama vigae vya sakafuni, alivyovichagua mwenyewe alipojenga. Wapangaji aliwaachia dalali. Mpaka alipofika getini leo, hakujua kuwa anayekaa humu ni huyu.

Akaliweka sawa buibui lake.

"Kodi naijua, Mzee Hamud. Lile bomba la jikoni je? Fundi niliyemtuma alilitengeneza?"