Sahani za Bibi Agripina

Bibi Agripina wa Iguguno alikuwa amelibeba rovu shingoni miaka mingi, kama mzigo wa jirani aliyesahau kurudi kuuchukua. Sasa lilimbana hata uji ukawa haupiti. Daktari wa upasuaji alikuwa amefika mjini Singida, na Ijumaa anaondoka. Ndipo yakaja majibu ya damu: chembe sahani ni chache.

"Hizo ndizo zinazoziba jeraha, bibi," daktari alimweleza. "Nikikukata hivi, damu haitakata. Siwezi kukupasua."

Rebeka, mke wa mwanawe, akampigia simu mumewe Damiani nyumbani huku analia. "Baba Elisha, hawampasui mama. Wanasema sahani zake ni chache."

Asubuhi Damiani akaingia wodini na kapu la sahani za bati, zote za akina mama wa kanisani, zimepandanishwa mpaka juu. Jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama. Hizi zitatosha?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Agripina akampangusa mwanawe jasho kwa ncha ya khanga.

"Marahaba, baba. Umejitahidi. Mwenye kosa ni aliyekuzaa."

Daktari naye alicheka, kisha akamkagua upya. Fizi hazitoki damu? Hazitoki. Mwili hauna michubuko? Hauna.

"Juzi nilijikata kidole nikichinja kuku," Agripina alisema. "Damu ikakata kabla kuku hajakata roho."

Daktari akakunja uso. Akaagiza damu ipimwe tena, na safari hii iangaliwe kwa macho.

Chrispin wa maabara alikuja, akaupasha mkono wa bibi joto kati ya viganja vyake kabla ya kutafuta mshipa. Alijaza kichupa cha zambarau kama cha jana, na kingine cha bluu. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Bibi, dawa iliyomo kwenye kichupa cha zambarau huzuia damu isigande. Ila kwa watu wachache, inazifanya chembe sahani zishikane. Nimeziona kwenye hadubini zimerundikana. Mashine ikikuta rundo, inahesabu moja."

Agripina akalitazama kapu. "Kama hizo za Damiani."

"Hivyo hivyo. Kwenye kichupa cha bluu, chenye dawa nyingine, hazikushikana. Unazo za kutosha."

"Mashine yenu isialikwe arusini. Wageni watalala njaa."

Daktari akampangia upasuaji kesho, Alhamisi.

Asubuhi ya Alhamisi Rebeka alileta sufuria la uji. Agripina, aliyekatazwa kula, aliamuru sahani zigawiwe wodi nzima.

"Uji kwenye sahani, mama?"

"Watalamba. Anza na yule kijana aliyenipasha mkono."

Kisha wakamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji.