Joho la Mama Mkwe

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kanzu za makasisi wa dayosisi yetu nimezishona miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kunirudishia kazi. Hadi alipochaguliwa mama mkwe wangu kuwa askofu.

Mwanamke wa kwanza. Waliompinga hawakuwa wachache. Kasisi mmoja mnene, ambaye suruali zake nimezipanua mara tatu, alisema dukani kwangu bila haya, "Joho la askofu halikukatwa kwa mwili wa mwanamke. Utaona, atajikwaa ngazi ya kwanza tu."

"Wewe ukizipanda unahema kama cherehani bovu," nikamwambia, "na hakuna aliyekuzuia."

Maneno nilikuwa nayo. Kazi ndiyo iliyonishinda. Mkwe hagusiki. Nitamzungushiaje futi ya kupimia kifuani mama aliyemzaa mke wangu? Mke wangu akajitolea kumpima, nikakataa, nikadai jicho langu linatosha. Nikachukua vipimo vya askofu anayestaafu, mwanamume mrefu kama mlingoti, nikapunguza kwa kukisia, nikakata.

Alhamisi, siku tatu kabla ya kuwekwa wakfu, mama akaja kujaribu. Akatoka nyuma ya pazia. Mabega ya joho yalimfika karibu na viwiko. Akapiga hatua moja, akalikanyaga pindo, akadaka meza ya kukatia asianguke.

Mke wangu akaziba mdomo. Sikujua anacheka au analia.

"Mkwe," mama akasema, "hili ulimpima nani?"

"Baba askofu, mama."

"Na mimi je?"

Nikatazama viatu vyangu. "Niliona haya, mama. Ni heshima."

"Heshima hiyo itaniangusha mbele ya kanisa zima, na wapo wanaosubiri." Hakupaza sauti. "Miaka thelathini wananiheshimu hivyo hivyo. Mama kaa, mama usijichoshe, mama waachie wanaume. Lete futi."

Nikampa kwa mikono miwili, nikageukia ukuta na daftari langu. Akajipima mwenyewe, mke wangu akimshikia ncha mgongoni.

"Kifua, tisini na nane. Kiuno, mia moja."

"Mama, hapa inasoma mia na sita," mke wangu akasema.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikaandika mia na sita.

Nikafumua kila mshono. Nguo kubwa hupunguzika, hiyo ndiyo iliyoniokoa. Jumamosi alasiri nikapiga pasi ya mwisho.

Jumapili watu walimtazama usoni. Mimi nilitazama pindo. Ngazi za madhabahu ni tatu. Ya kwanza, pindo likapita juu ya jiwe kwa upana wa vidole viwili. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu akageuka kutukabili, na joho likageuka naye. Akainua mkono kubariki. Kasisi mnene, safu ya mbele yangu, akainamisha kichwa kama sisi wengine.

Wakati wa kutoka, maandamano yakapita karibu na benchi langu. Askofu akapunguza mwendo, akaniinamia kidogo.

"Mkwe, kwapa la kushoto linabana."

"Jumatatu, mama," nikasema. "Nitapima mwenyewe."