Amri Tatu Zilizokwama Kooni

Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa cha Koplo, anapuliza nywele kwenye mashine ili ahamie wa kushoto, pale Koplo alipofumbua mdomo na kufoka, "Simama hapo!" Kinyozi akasimama. Mashine ikasimama. Feni ya dirishani nayo ikasimama, na nzi aliyekuwa akizunguka kioo akabaki hewani, anasubiri.

"Nimesimama, afande," kinyozi alisema. "Kosa langu nini?"

"Si wewe," Koplo alisema, akijishika koo. "Imetoka yenyewe."

"Mbona inanuka yai?"

Koplo alijaribu kusema "endelea", haikusaidia. Akajaribu "haya, basi", wapi! Mwisho akasema maneno ambayo askari wa kizuizini humwambia dereva akishamalizana naye: "Pita, safari njema." Hapo mashine ikaunguruma, nzi akaenda zake, na kinyozi akamalizia kichwa.

Tatizo la Koplo lilianzia kwenye kizuizi cha barabarani, asubuhi aliyouawa mtengeneza magodoro. Askari wa kizuizi kile walikuwa na utaratibu wao: mmoja anatoa amri, mwingine anashika bunduki, maana kufoka kutwa nzima kunakausha koo na si haki mtu mmoja abebe yote. Asubuhi hiyo mwenzake Koplo alikwenda chooni, akamwachia kazi zote mbili. Koplo naye ndiyo kwanza ametia yai la kuchemsha mdomoni, zima. Kigari cha magodoro kikatokea kwenye kona. Mdomo ulikuwa na shughuli, mikono haikuwa nayo. Akapiga risasi, kisha akameza.

Taarifa ya polisi ilisema dereva aliamriwa kusimama mara tatu, akakaidi. Neno hilo la kukaidi ndilo lililomchoma mjane wa marehemu. Jamani, mtu yule! Mtaani walimwita Taratibu. Aliwahi kukaa asubuhi nzima mbele ya taa nyekundu iliyoharibika, mpaka fundi wa umeme akaja akamwomba asogee apate kuweka ngazi, naye akauliza kwanza kama fundi ana mamlaka hayo. Akipita nje ya nyumba akasikia mama anamkemea mtoto "acha!", basi na yeye alikuwa anaacha, chochote kile alichokuwa akifanya. Leo mtu wa namna hiyo aitwe mkaidi, mbele ya ukoo mzima? Mjane alisema hataki kitu kingine. Anataka neno lile lifutwe.

Taratibu mwenyewe hakuwa na msaada mkubwa. Hata baada ya kuzikwa alikuwa akirudi nyumbani kila siku saa za chakula cha mchana kama alivyozoea, anafuta miguu mlangoni, anakaa kwenye kiti chake. Tundu la shati mkewe alikwisha kumshonea.

"Hebu fikiri vizuri, baba watoto," alimwambia. "Walikuambia usimame?"

"Sikusikia kitu. Ningesikia ningesimama. Labda masikio yangu."

"Masikio yako hayana ubaya wowote."

"Lakini askari hawezi kusema uongo, mke wangu."

Mkewe alitamani kumchapa mwiko, ila mtu akishakufa unamwonea huruma. Akamwekea maji ya kunawa.

Amri ya pili ilitokea ukweni. Ilikuwa Jumapili alasiri, Koplo amekaa kwa adabu zake zote, magoti pamoja, mama mkwe anammiminia chai. "Simama hapo!" Chai ikasimama kati ya birika na kikombe, imejipinda vizuri tu. Mke wa Koplo akajifunika uso kwa aibu. Mtu kumfokea mama mkwe, nyumbani kwake, tena anakuhudumia! Koplo akateremka kitini akapiga magoti.

"Nisamehe, mama. Pita, safari njema."

Chai ikaingia kikombeni.

"Nimekusamehe, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ila imeshapoa. Na hayo mayai upunguze."

Mama mkwe alimsamehe lakini hakunyamaza, na kinyozi ndiyo kabisa. Habari zikamfikia mjane akiwa katika karakana ya mumewe, anajaza pamba. Akaziweka sindano chini. Kama taarifa inasema amri zilikuwa tatu, na mbili zimetoka juzijuzi tu, basi ya tatu bado imo. Akavaa viatu vya kutokea, akaenda moja kwa moja kwenye tume iliyoundwa kuamua kama Koplo alikuwa na haki ya kupiga risasi, akaomba Koplo akaguliwe koo.

Tume ilikaa katika ukumbi mdogo wa chini, wenye meza ndefu na mlango mmoja tu. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu aliyependa mambo yaende haraka kwa sababu ya mgongo wake. Taratibu pia alihudhuria. Karani alimweleza kwa upole kwamba hawezi kutoa ushahidi, kwa kuwa kitambulisho chake kilikwisha muda pamoja naye, ila anaruhusiwa kukaa nyuma ilimradi asichukue kiti cha mtu aliye hai. Taratibu alishukuru, akakaa sakafuni juu ya kipande cha godoro alichokuja nacho.

Daktari alimulika tochi kooni mwa Koplo. "Imebaki moja," alisema. "Iko upande wa kushoto, imeegemea kimio. Nzima kabisa, haijaguswa."

Mjane akashusha pumzi. Lakini wakili wa polisi alikuwa amekwisha kuinuka, anatabasamu.

"Mheshimiwa, kanuni inataka askari atoe amri tatu na atumie silaha. Haisemi kipi kitangulie. Mteja wangu anatimiza wajibu wake kwa awamu."

"Mtu anaambiwa asimame akiwa hai!" mjane alisema, bila kuitwa. "Sasa hivi mnamwambia ili iweje?"

"Mama, subiri zamu yako," alisema Mwenyekiti.

"Nimesubiri, mheshimiwa. Na mume wangu amesubiri mpaka amezikwa."

Mwenyekiti alimwonea huruma, akamwambia akae. Kisha mjumbe mmoja mwenye miwani akataka kujua kama yai lile lilikuwa limeiva sana au kiasi, kwani yai lililoiva kiasi lingeweza kuruhusu amri ipenye pembeni. Wakalijadili yai hadi wakati wa chai. Wakaletewa mfano wake katika kisahani. Wakili akasema ni dogo kuliko lile la tukio, mjane akasema yai ni yai, na daktari, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, akalila bila mtu kumwona. Ushahidi huo ukaishia hapo.

Upepo ukaanza kupeperusha karatasi. Karani alimwomba Taratibu akafunge mlango, kwa kuwa yuko karibu na hana shughuli. Taratibu akainuka, akajipangusa, akaenda. Alikuwa ameshafika kizingitini pale Koplo alipokohoa.

"Simama hapo!"

Safari hii feni haikusimama, wala saa ya ukutani, wala karatasi. Amri ilimpata mwenyewe. Taratibu alisimama palepale, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akainua mikono yote miwili, viwiko vikigusa miimo ya mlango, ufunguo wa kigari ukining'inia kwenye kidole. Uso wake ulikuwa na raha ya mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Mmeona?" mjane alisema. "Amesimama. Ameambiwa mara moja tu, amesimama."

"Tumeona," alisema Mwenyekiti, na wajumbe wote wakaitikia kwa kichwa.

Uamuzi ulisomwa alasiri ileile. Tume iliridhika kwamba amri tatu zilitolewa: ya kwanza ilithibitishwa na kinyozi, ya pili na mama mkwe, ya tatu na tume yenyewe. Iliridhika pia kwamba marehemu alisimama. Kwa hiyo taarifa irekebishwe, isomeke kwamba dereva alikaidi kwa miezi miwili, kisha akatii. Risasi ilikuwa halali, ingawa iliwahi kidogo. Tume ilimshukuru mjane kwa ushirikiano, kwani bila yeye amri ya tatu isingejulikana.

Mjane alichukua mkoba wake mapajani, akainuka. Halafu akasema, "Haya. Basi mwambieni apite, twende nyumbani."

Koplo alifungua mdomo. Alitaka kusema, na ni haki kumsemea hivyo, alitaka kabisa. Wakili akamshika mkono. Alimnong'oneza kwamba kumwambia dereva apite ni kukiri kwamba alikuwa na haki ya kupita. Koplo akafunga mdomo.

"Pita, mume wangu," mjane alisema mwenyewe, akienda mlangoni. "Safari njema. Pita, twende."

Taratibu alimtazama kwa upendo. "Huna mamlaka hayo, mke wangu," alisema, akarudisha macho kwa Koplo, akangoja.

Ikabidi watu watoke hivyohivyo. Walitoka mmojammoja wakiinama chini ya mkono wake, wanasema "samahani, mzee," naye akiwajibu "bila samahani." Mwenyekiti aliomba ashikwe kiuno kwa sababu ya mgongo. Karani alitundika mwavuli wake kwenye kiwiko cha Taratibu ili apate kubeba mafaili, akausahau, na mpaka leo uko pale. Mlango nao haufungiki tena. Mjane huja kila siku akifunga karakana. Ameegemeza godoro zuri la pamba nyuma ya mgongo wa mumewe, na humfuta vumbi usoni kwa kanga.

Siku ile Koplo ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Alivaa kofia, akaivua, akasimama mbele ya Taratibu kama anayetafuta neno. Taratibu akanyoosha mikono zaidi, asije akasemwa.

Koplo akainama, akapita.