Ushuhuda wa Nekesa

Kila Jumatano Mchungaji Gerishon alitoka kwenye kanisa lake la mabati kule Witeithie akaja kutuhubiria saa ya lanchi katika kiwanda cha magunia hapa Thika. Mimi ni Mkatoliki. Nilikuwa nafuata kivuli cha kulia chakula tu. Meneja wetu, Wainaina, alimpenda kweli, maana tukishasikia habari za mbinguni tulirudi kazini bila kunung'unika. Kwangu Gerishon alikuwa grisi ya mashine, na nilimwambia hivyo usoni.

Kisha mashine isiyo na kifuniko ikamkata Nekesa vidole. Nekesa ni mtu wa Bungoma, mcheshi, hana neno na mtu. Kampuni ikasema ni uzembe wake, na Ijumaa angeachishwa kazi.

Jumatano hiyo Wainaina alimvuta mchungaji kando, nami nikiwa pale pale bombani nanawa mikono.

"Pastor, ambia huyo mama atoe testimony kidogo. Aseme amesamehe, watu watulie."

Gerishon akakubali. Nilimchukia mpaka githeri yangu ikanishinda kula.

Nekesa akasimama mbele, mkono umefungwa bendeji. "Bwana asifiwe. Nimeokoka, nampenda Yesu. Na nimesamehe meneja." Wainaina akatabasamu. "Lakini hiyo mashine nilisema haina kava. Nikasema tena. Nikaambiwa kama siwezi kazi, wako wengi hapo kwa geti. Saa hii naambiwa ni makosa yangu."

"Pastor, anzisha wimbo," Wainaina akadakia. "Time imeisha."

Sasa, yeyote aliyewahi kukaa na walokole anajua kwamba ushuhuda haukatizwi. Hata ukirefuka mpaka usinzie, unangoja mwenyewe amalize. Lakini Gerishon alijua pia kwamba akimpinga Wainaina, hatalikanyaga geti lile tena.

"Meneja, kaa chini," akasema polepole. "Mama hajamaliza."

Nekesa akasema yote, mpaka amina. Gerishon akafungua Biblia, akaifunga.

"Nimewahubiria siku nyingi," akasema, "na sijawahi kuwauliza hizo mashine ziko aje. Kama Habari Njema haiwezi kufika hapo mama anafanyia kazi, basi mimi nimekuwa nikiwaletea nusu."

Nilimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza nikampenda.

Wainaina alikuwa ameshamwita Mutiso, askari wa geti, amtoe nje. Gerishon hakugeuka. "Nani mwingine ana ushuhuda?"

Watu wakainamia sahani zao. Sisi Wakatoliki mambo ya kusimama mbele za watu hatuna. Yetu tunamwambia padri. Mutiso alikuwa ameshamshika mchungaji mkono nilipojikuta nimesimama.

"Bwana asifiwe," nikasema.

Mutiso naye ameokoka. Akamwachia mchungaji mkono, akavua kofia, akangoja nimalize.